Waliohamishwa Bila Barua

12 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. U hali gani huko, na wifi yangu anaendeleaje? Kile kifua kilichokuwa kinamsumbua wakati wa baridi kimetulia? Sisi huku tu wazima, tunasukuma siku. Shemeji yako goti limemgeuka; akishuka ngazi anahesabu kila hatua kwa sauti kama mwanakwaya anayetafuta mdundo. Namcheka kwanza, halafu namshika mkono. Binti yetu amepangiwa wodi ya watoto kwenye mafunzo yake ya uuguzi. Juzi ananiambia, "Mama, hukuniambia kwamba watoto wanalia hivi." Nikamwambia wewe ulilia zaidi, na mimi sikuwa na mshahara.

Najua unasema moyoni, Kasuku ameanza, afike basi. Nimefika.

Mwaka huu taifa linatimiza miaka hamsini. Makanisa yote yameombwa yaandike kurasa chache kuonyesha jinsi Mungu alivyoliongoza taifa letu, tangu bendera ilipopandishwa hadi leo. Sisi zetu zitasomwa ibadani Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane. Wazee wamegawana miaka: mmoja kapewa uhuru, mwingine ile njaa kubwa. Mimi nikapewa zile Siku Tatu, askari walipoasi na wengine wakawazima. Mchungaji alisema, "Mama Karani, wewe ndiwe unayekaa na madaftari. Na mwaka ule karani alikuwa baba yako." Nikakubali kwa furaha. Si unajua ninavyopenda kuandika.

Basi nikafungua kabati la chuma, nikatoa daftari la washirika la mwaka ule. Mgongo wake umeliwa na unyevu lakini wino umekaa vizuri. Unaikumbuka ile safu ya mwisho ya maelezo: amebatizwa, ameoa, amehama, amelala katika Bwana. Na unakumbuka Baba alivyokuwa mkali kuhusu waliohama. Hakuna kuhama bila barua. Kila "amehama" ina namba ya barua na jina la usharika anakokwenda, hata kama ni mtaa wa pili.

Kaka, katika juma moja tu, juma la Siku Tatu, kuna wanaume tisa walioandikwa "amehamishwa". Si "amehama", ni "amehamishwa". Hakuna namba ya barua, wala hakuna mahali. Ni wale tisa wa sala ya Alhamisi, waliokuwa wanakutana katika chumba kidogo cha pembeni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimejificha na Mama chini ya kitanda, redio inapiga bendi ya jeshi. Lakini hata mimi nilisikia lori. Kila mtu anajua walichukuliwa kwa sababu mikusanyiko ilikuwa imekatazwa asubuhi ile, nao hawakuwa wamesikia tangazo. Na hakuna aliyewaona tena.

Wewe ulikuwa msaidizi wa Baba ofisini. Je, aliwahi kukueleza kwa nini aliandika vile? Wa nne kwenye orodha ni mume wa Mama Cherehani, fundi wetu wa majoho ya kwaya. Nauliza kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya kurasa.

Msalimie wifi. Mwambie nimeipata ile kanga, imenikaa.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako nimeipata, ashukuriwe Mungu mmeamka salama. Wifi yako kifua kimetulia ila bado anakohoa akitaka nimsikilize. Mpe pole shemeji. Mwambie apake mafuta ya moto na aache kujifanya kijana.

Kazi yangu ya kukagua mizani inaendelea. Juma lililopita niliitwa kwenye duka moja la nafaka, mwenye duka anaapa mbele ya wateja kwamba mizani yake haijawahi kuguswa. Nikaifungua, nikakuta kipande cha risasi kimebandikwa chini ya sahani kwa gundi. Akaniambia, "Labda ilikuja nacho kutoka kiwandani." Nikacheka hadi nikakaa chini.

Mimi pia kanisani kwetu nimeombwa nifundishe darasa la watu wazima juu ya miaka hii hamsini. Nimewaambia hivi: taifa letu lilivuka bahari kwa miguu. Siku zile Tatu nchi nyingine wangechinjana miaka kumi, sisi tulimaliza kwa siku tatu. Huo ni mkono wa Bwana, na asiyeuona ana neno lake. Andika hivyo. Ni kweli, na itajenga watu.

Hayo ya daftari sikumbuki vizuri. Yalikuwa mambo mengi. Baba amelala, kazi yake imeshapokelewa huko alikokwenda. Usifungue kurasa ambazo hukuzifunga wewe.

Nakutakia Kwaresima yenye baraka.

Kaka yako

*

2 Aprili

Kaka yangu,

Amani ya Bwana iwe kwako. Tumefurahi kusikia wifi yu mzima. Shemeji yako amepaka hayo mafuta, sasa ananukia kama gereji na goti ni lile lile. Binti anakusalimu, anasema mjomba siku hizi ni mtu wa barua fupi.

Mimi nasema hivyo pia. Nimeisoma yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu, nikakuta mizani ya mwenye duka.

Ngoja nikueleze mambo ya huku, kwa sababu uliondoka mapema na naona huyajui. Miaka mitano baada ya Siku Tatu, Mama Cherehani alipata mchumba, fundi viatu, mjane mwenzake, mtu mpole. Wakaenda kwa mchungaji wa wakati huo wakitaka ndoa. Baraza la wazee likafungua daftari. Likamwambia, "Mama, mume wako hakufa. Amehamishwa. Hatuwezi kukufungisha ndoa mume yu hai." Akauliza, "Kahamishiwa wapi? Nielekezeni nimfuate." Baraza likafunga daftari. Alingoja miaka miwili. Mwishowe wakaishi pamoja hivyo hivyo, kanisa likawatenga. Fundi viatu alifariki tukamzika bila ibada, bila wimbo. Mimi nilikuwepo.

Na huyo mama hakuondoka kanisani, Kaka. Miaka karibu thelathini anakaa benchi la mwisho, mkono wa kushoto. Watu wakienda kwenye Meza ya Bwana yeye anabaki na mkoba wake magotini. Na kitambaa cha Meza hiyo, kile cheupe chenye msalaba kwenye pindo, anayekishona ni yeye. Kila Pasaka anakifua, anakipiga pasi, anakileta ofisini kwangu kimekunjwa, ananiambia, "Haya, wapeni wageni."

Jumanne alikuja si kwa kitambaa. Amekonda. Ana uvimbe tumboni, daktari hajamficha. Akakaa, akasema, "Karani, nasikia mtasoma majina ya marehemu wa taifa siku ya jubilei."

Nikasema ndiyo, tutawasoma wa kanisa letu wote waliokufa katika misukosuko ya nchi.

"Mume wangu yumo?"

Nikalivuta daftari. Akasema, "Basi nisomee kilichoandikwa. Kwa macho yako, usinidanganye."

Nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na sita mimi ni mke wa mtu aliyehamishwa. Mwanamume gani huyo hata salamu hatumi?" Akacheka, Kaka, na mimi nikacheka naye, kisha tukaacha wote kwa pamoja.

Nikapeleka suala barazani. Unamkumbuka yule mzee tunayemwita Bwana Utaratibu? Bado yupo, sasa ndiye mwenyekiti. Alisema daftari la kanisa halifutwi kwa huruma. Linarekebishwa kwa ushahidi wa aliyeandika, au wa aliyeona kwa macho. Nikamwambia aliyeandika ni Baba na Baba amelala. Akavua miwani, akasema taratibu, "Basi itabidi tuseme karani wetu wa zamani aliandika uongo. Sijui kama uko tayari kulitamka hilo mbele ya usharika, maana karani huyo ni baba yako."

Nilirudi ofisini. Nikalifungua daftari tena niitazame tu ile karatasi. Barua yako ya Machi ilikuwa mezani. Kaka, nimeiweka kando ya daftari. Ile "sh" yako, ambayo herufi h inarudi nyuma na kuishika s mkia, mwalimu wa darasa la tatu alikuchapa kwa ajili yake na haikuisha. Baba hakuwa anaandika "sh" hivyo.

Mama Cherehani akifa akiwa ametengwa, tutamzika kama tulivyomzika fundi viatu. Na Baba ataitwa mwongo ndani ya kanisa alilolitumikia miaka thelathini. Sikulaumu kwa lolote kwa sababu sijui lolote. Niandikie nijue.

Mdogo wako

*

25 Mei

Kaka,

Nakusalimu tena. Hii ni ya tatu. Natumaini wote ni wazima na ukimya huu si wa maradhi. Hapa tunamshukuru Mungu, binti amefaulu mitihani ya nusu mwaka.

Mambo yamekaza. Juzi alikuja ofisini mtu mmoja amevaa viatu vinavyong'aa. Hakutaka kiti. Akauliza kama ni kweli kanisa linaandika habari za Siku Tatu. Nikasema tunaandika habari za mkono wa Bwana. Akasema, "Vizuri. Mkono wa Bwana ni mpana, mama. Una mambo mengi ya kuandika bila kugusa hayo." Akalitazama daftari lilivyokuwa wazi mezani, akanitakia kazi njema, akatoka.

Mchungaji alipopata habari alikuja mbio, jasho linamtoka. "Mama Karani, nakuomba. Ukurasa mmoja tu. Andika, Bwana alitulinda, weka nukta."

Nikamwuliza, "Alitulinda sisi akina nani?"

"Taifa."

"Na wale tisa walikuwa wa taifa gani, baba?"

Akakaa kwenye kile kiti alichokikataa mgeni. Ni mtu mzuri, ana watoto wadogo. Akasema baraza linataka ushahidi.

Usiku na mchana nawaza lile darasa lako la watu wazima. Unasema taifa lilivuka bahari kwa miguu. Na mimi naamini. Lakini wale wa zamani walipovuka, waliandikwa kabila kwa kabila, mtu kwa jina lake na la baba yake, mpaka msomaji unachoka. Nilikuwa naziruka zile sura. Sasa naona Mungu alitaka zisomwe. Haongozi "taifa" kwa jumla kama mchungaji anayehesabu kundi kwa kukisia.

Baraza linakaa tarehe 18 Julai. Baada ya hapo kurasa zinakwenda kupigwa chapa. Mama Cherehani hashuki tena kitandani, nampelekea uji asubuhi. Jana aliniuliza, "Kaka yako, yule kijana mrefu wa ofisini, yu hai?" Nikasema yu hai. Akasema, "Haya."

Sikumwambia zaidi. Nifanye nini, nimwambie?

*

28 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na binti. Hongera kwake. Wifi yako anawasalimu. Barua zako zote tatu nilizipata na kila moja niliisoma siku ile ile ilipofika, kwa hiyo sitaisingizia posta. Hii ya mwisho wifi yako aliisoma kabla yangu, akaniwekea juu ya sahani ya chakula cha mchana. "Ujibu wewe, au nijibu mimi."

Niliandika mimi. Si Baba.

Siku ya pili ya zile tatu ilikuwa Alhamisi, ndipo lori lilipowachukua. Ijumaa asubuhi, saa mbili, askari wawili walikuja nyumbani. Mliambiwa tumeitwa kuhesabu viti vya kanisa. Walitupeleka mimi na Baba kwenye lile ghala la magunia nyuma ya soko. Palikuwa na ofisa mmoja kijana, mwenye miwani, mwenye adabu. Alimwambia Baba, "Mzee, shikamoo. Naomba msaada wako." Chini kulikuwa na turubai. Walilikunja upande mmoja tu, wa miguuni. Tukaambiwa tutaje majina.

Tuliwatambua kwa miguu. Mwingine kwa kidole kilichokatika, mwingine kwa viatu. Wa nne nilimtambua kwa upindo wa suruali, ulioshonwa mara mbili, uzi wa juu wa rangi nyingine. Baba alikuwa analitaja jina, mimi naandika kwenye karatasi ya ofisa. Tisa.

Saa kumi jioni tulikuwa ofisini kwetu, ofisa akiwa nasi. Akataka daftari. Akamwambia Baba aandike wote wamehama. Baba akashika kalamu, akailaza chini. Akasema, "Siwezi. Sijaona barua zao." Ofisa akacheka. Baba hakucheka. Ofisa naye akaacha kucheka, akamwuliza ana watoto wangapi nyumbani. Hapo ndipo nilipoichukua kalamu mimi.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili sijamwambia hata mke wangu mpaka wiki hii. Sikuandika "amehama". Nilimkumbuka Henoko, yule ambaye Maandiko yanasema Mungu alimhamisha, watu wakamtafuta wasimwone. Nikaandika "amehamishwa" mara tisa. Moyoni nilikuwa nawaandikia kumbukumbu: hawa Mungu amewachukua. Ofisa akasoma akasema, "Amehamishwa. Safi sana. Hata serikalini tunasema hivyo hivyo." Nikajiona mjanja. Nilidhani nimempa mwenye bunduki neno lake na Mungu neno lake, kwa wino mmoja.

Alipoondoka, Baba alilivuta daftari akalisoma. Akaniuliza, "Na wake zao watasoma nini?" Nikasema wataelewa, ni watu wa Neno, wanamjua Henoko. Akasema, "Watasoma daftari, mwanangu." Hakulizungumzia tena mpaka anakufa. Nadhani hakuweza kulirekebisha bila kunitaja. Miezi miwili baadaye niliomba kuondoka. Barua yangu ya kuhama aliiandika yeye, ina namba.

Habari za Mama Cherehani Baba hakuniandikia. Kama aliogopa kuniumiza sijui. Nilijua nimewaficha wafu. Sikujua nimemfunga mtu aliye hai. Hilo darasa langu la taifa lililovuka kwa miguu, nimelifundisha miaka mingi kwa sababu nilihitaji liwe hivyo. Jumapili iliyopita nilisimama mbele yao nikashindwa kuanza. Wakadhani ni shinikizo la damu, wakaniletea maji.

Ndani ya bahasha kuna ushahidi wangu kwenye karatasi ya peke yake, nimetia sahihi mbele ya mchungaji wetu, una muhuri. Nimeandika kwamba niliowaona walikuwa maiti, kwa majina, na kwamba mkono ni wangu na Baba alikataa. Ukitaka, nitaje mimi kwa jina mbele ya usharika mzima. Na yule mwenye viatu vinavyong'aa akija tena, mwambie anwani yangu iko juu ya karatasi.

Kaka yako

*

19 Julai

Kaka yangu,

Salamu nyingi sana, zako na za wifi. Mwambie nimempenda upya kwa ile sahani. Sisi tu wazima. Nimeandika barua hii mara mbili na kuichana, kwa hiyo ukiona nimeruka mambo ya nyumbani usinikasirikie.

Baraza lilikaa jana. Nilisoma ushahidi wako nimesimama. Sauti ilinikatika pale kwa Baba na kalamu, Mchungaji akanipokea karatasi akamalizia yeye, na nakuambia, yule mtu mwoga alisoma kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Mmoja akasema neno la Henoko ni kufuru. Mwingine akasema si kufuru, ni ujinga wa ujana. Walikuwa wanakaribia kugombana juu yako, ndipo Bwana Utaratibu akagonga meza. Nikajua tumekwisha. Alisema hivi, nimeyaandika kwenye kumbukumbu za kikao neno kwa neno: "Mimi nilikuwa barazani mwaka Mama Cherehani alipokuja kuomba ndoa. Nililishika daftari hili kwa mikono yangu. Nikaona hakuna namba ya barua. Kila mmoja wetu aliona. Mimi, ninayewarudisha watu nyumbani kwa kukosa muhuri, sikuuliza barua ziko wapi. Niliogopa kuuliza, nikamhukumu mwanamke. Kijana aliandika neno moja. Sisi tumelisoma vibaya makusudi miaka thelathini."

Kisha akavua miwani akawa anaifuta, anaifuta, haimalizi.

Limepita. Majina tisa yatasomwa. Hatukufuta neno lako, nimeandika pembeni yake kwa wino mweusi, "amelala katika Bwana, aliuawa," na tarehe, na namba ya kikao. Kutengwa kwa Mama Cherehani kumeondolewa, na kwa fundi viatu pia, ingawa yeye hakuweza kusikia. Ukurasa wangu wa Siku Tatu nimeuandika upya. Nimesema Mungu alikuwepo katika nchi yetu siku zile, na aliona ghala lile, na amekuwa akituuliza swali miaka yote hii kama alivyomwuliza yule wa kwanza, ndugu yako yuko wapi, nasi tukamjibu kwamba amehamishwa. Mchungaji ameusoma. Hakuweka nukta popote.

Jioni ile ile tulikwenda kwa Mama Cherehani, Mchungaji, Bwana Utaratibu na mimi, na Meza ya Bwana kwenye kikapu. Kwanza nikamsomea barua yako. Alitaka yote, si ushahidi peke yake. Nilipofika kwenye upindo wa suruali aliinua mkono nisimame. Akasema, "Uzi wa kahawia uliniishia. Nikamalizia na wa bluu. Alinung'unika sana, akasema watu watamcheka." Akafumba macho. Tukadhani amelala. Akasema, "Endelea."

Nilipomaliza nikamwuliza kama ana neno la kukuletea. Alisema, "Mwambie sijamsamehe bado, sijapata nafasi, nimeyasikia leo. Lakini ninakula Meza moja na yeye kuanzia sasa, kwa hiyo nitajitahidi." Akapokea mkate na kikombe. Bwana Utaratibu ndiye aliyemshikia kikombe.

Kisha akanigeukia mimi peke yangu. "Karani. Ghala si kaburi. Walikwenda wapi kutoka ghalani?"

Nikasema hukuandika.

Kaka, nimekesha na barua yako. Ghala la magunia ni mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kanisani. Mliondoka nyumbani saa mbili asubuhi. Kutaja majina tisa hakumalizi siku. Unasema saa kumi jioni mlikuwa ofisini, na katikati hapo hukuweka hata mstari mmoja. Mimi ndiye niliyefua nguo za Baba Jumamosi ile. Suruali yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini, na kwetu pale udongo ni mweusi. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, Mama akavipaka mafuta na kuvifunga kitambaa. Alituambia ameanguka. Nilimwamini. Alikuwa karani, hajawahi kushika jembe maishani mwake.

Sikuulizi walikulazimisha kufanya nini. Hilo ni lako na Bwana, nami nitakuwa dada yako vile vile. Ninachouliza ni wapi. Bwana Utaratibu amesema atakwenda yeye mwenyewe, na Mchungaji, na wake waliobaki hai, ni wanne. Mama Cherehani anataka abebwe kwenye kiti. Daktari anasema wiki tatu, labda nne.

Tuambie njia, na alama yoyote unayoikumbuka. Usingoje uandike vizuri. Nijibu upesi.

Mdogo wako